Povu Likishajibu, Usiulize Tena

Mdogo wangu, sijafikia umri wa kukuita mwanangu, lakini kesho unaingia maabara kwa mtihani wa mwisho, na njia hiyo nimeipita. Kaa kidogo, nikuambie.

Nakumbuka mchana mmoja wa mazoezi hapa Arua, karibu na mtihani wangu. Tulipewa kimiminika kisicho na jina, kidogo tu, tutambue kundi tendaji lake, yaani ile sehemu ya molekuli inayoipa tabia. Nikamimina kidogo kwenye neli ya kioo, nikatia bikaboneti, ule unga mweupe kama wa kuumulia mandazi. Povu likapanda mpaka mdomoni. Gesi yake ikaingia kwenye maji ya chokaa, yakawa meupe kama maziwa. Dalili ya mvua ni mawingu: hiyo ilikuwa asidi ya kaboksili. Lakini unanijua na wasiwasi wangu. Nikawaza, je, kama ni fenoli? Fenoli haitoi povu namna ile, nilijua, ila nikarudia. Je, kama neli haikuoshwa vizuri? Nikarudia tena. Lilipofika jaribio la mwisho, la kutengeneza esta, ile inayonukia kama matunda, kimiminika kilikuwa kimekwisha.

Mwalimu wetu, mzee wa Koboko aliyekaribia kustaafu, akaichukua neli yangu, akaipindua. Halikudondoka hata tone.

"Dawa iko wapi?"

"Nilikuwa nahakikisha, Mwalimu."

"Imekujibu, unauliza. Imekujibu, unauliza tena! Unataka ikuandikie barua?" Darasa zima likacheka. "Mimi siongezi. Na kule kwa mtihani hakuna mutu atakuongezea."

Maneno hayo yaliniuma, lakini ndiyo niliyoingia nayo mtihanini. Povu lilipopanda, niliandika nilichokiona nikasonga mbele. Kilichobaki nikakichanganya na alkoholi na matone ya asidi kali, nikapasha moto polepole. Harufu tamu ya matunda yaliyoiva ikanijia puani. Karatasi ile ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu.

Basi shika hili. Wasiwasi hautaondoka, wangu ninao hadi leo, na hata mlango huu nimerudi kuuangalia kama nimeufunga. Uache ukae nawe, ila usiupe neli. Jaribu kwa usafi, tazama kwa makini, kisha andika ulichokiona, si unachokiogopa. Mtaka yote hukosa yote.

Mungu autulize mkono wako, ayafungue macho yako, na kila chupa utakayoinua kesho ikujibu waziwazi. Nawe uiamini.