Mstari wa Bluu wa Mtoto wa Lupepo

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye dirisha la hospitali moja huku Tukuyu, nikisubiri fomu yangu igongwe muhuri. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na ndani watu walizungumza kwa sauti za chini, kama waliotoka usingizini.

Bibi mmoja kutoka Lupepo alisimama na furushi mkononi. Mjukuu wake alizaliwa kabla ya wakati, naye alikuwa amekuja kumchukua pamoja na mama yake.

"Hakui," alimwambia nesi. "Afadhali akafie nyumbani."

Nesi aliigeukia kompyuta, akajaza kwenye jedwali uzito wa mtoto wa kila mara alipopimwa, kisha akabonyeza. Pakatokea mstari wa bluu kwenye kioo, akamgeuzia bibi auone.

"Huyu ndiye mjukuu wako, bibi."

"Mbona hapa anashuka?"

"Hapo aliugua homa," alijibu mama wa mtoto aliyesimama nyuma yake, akimkumbatia mwanawe.

Bibi akaweka kidole kwenye kioo, akaufuata mstari taratibu, kama anayepanda kilima cha kwao.

"Anapanda," alinong'ona, akamgeukia nesi. "Ndaga, asante mwanangu. Endelea basi, mfikishe mpaka shule."

"Siwezi, bibi. Mashine inachora siku alizokwisha kuishi tu."

Bibi akaliweka furushi chini. "Basi tutakaa hapa, aishi nyingine."

Siku hizi kila semina tunaoneshwa grafu za uchumi unaokua, nasi tunapiga makofi. Sijamsikia hata mmoja wetu akiuliza ni nani huyo anayepanda.