Kwa Nini Sasa?

Mume wangu ni mwanasheria, na kama hiyo haikutosha akaenda kusomea uchumi. Mwanasheria humshuku mtu, mchumi hushuku hata hesabu za huyo mtu. Mimi nimeolewa na wote wawili. Serikali ilimpa chumba ghorofa ya tatu wizarani, dirisha halifunguki, apitie mikataba kabla waziri hajaweka sahihi. Amekaa humo mpaka kaota mvi.

Mkataba huusoma kuanzia nyuma. Viambatisho kwanza, vile vya maandishi madogo, kwani anasema kurasa za mbele zimeandikwa ili zisomwe. Ndivyo alivyoukwamisha mkataba wa maji: huko nyuma kabisa kulikuwa na kifungu kinachoiruhusu kampuni kupandisha bei bila kumuuliza mtu.

Basi mkataba ukiwa bado mezani kwake, akapandishwa cheo. Awe mkuu wa chuo cha watumishi, apewe nyumba yenye bustani, gari na dereva. Mimi roho kwatu. Yeye akakaa kitandani, soksi moja mkononi.

"Kwa nini sasa?"

"Baba watoto, si wameona kazi yako?"

"Mwaka jana walikuwa hawaioni?"

Jamani, nilichoka naye. Wenzake wakipanda cheo hushangilia, wangu anakipekua. Nikamwambia bila kumung'unya maneno: kubali, nataka mume anayerudi nyumbani mapema, nimechoka kuishi na mtu anayenusa kila kitu.

Kesho yake akamwita msaidizi wake, mama mmoja makini aliyefundishwa kazi na mume wangu mwenyewe, ambaye ndiye angeachiwa meza. Akamuuliza ule mkataba wa maji atauanzia wapi.

"Nimeambiwa nisome muhtasari tu, mkuu," mama wa watu akajibu, macho chini. "Wana haraka."

Akakikataa cheo palepale. Jioni alinisimulia yote, nikaona kumbe alikuwa sahihi, na ile nyumba yenye bustani ikanitoka moyoni. Nilimwonea fahari, sisemi uongo. Nikampakulia chakula, lakini hakugusa kijiko. Alikuwa ananitazama.

"Na wewe," akasema taratibu, "nani alikutuma unisukume nikubali?"

Nilimchunguza usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia sikutumwa na mtu, naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyowaitikia watu wa kampuni.