Siku Niliyomng'olesha Mama Mkwe Mboga

Nyumba tuliyopanga Bariadi mjini haina udongo. Mwenye nyumba alimwaga zege ua mzima, kutoka mlangoni hadi chooni, kwa sababu alichoshwa na tope la masika. Nilipochoka kulalamika, niliamua kulima juu ya zege hilohilo. Nilikusanya ndoo tupu za rangi, kumi na nane, nikazitoboa chini na kuzijaza maganda ya mpunga niliyoyaunguza kidogo mpaka yakawa meusi. Hamkuwa na hata kijiko cha udongo humo. Chakula cha mimea kilitoka kwenye pipa. Niliweka samadi ya ng'ombe ndani ya kiroba, nikailoweka wiki mbili, kisha nikaongeza maji mpaka ikafanana na chai ya rangi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nalisema hilo ili ieleweke nilivyokuwa nikijiona. Sukuma wiki zangu zilinenepa, hoho zikaning'inia, na wanawake wa mtaani wakaanza kuja kuuliza. Tukafungua kundi la WhatsApp, mimi nikiwa kiongozi. Waliniita mtaalamu, na sikuwahi kuwakataza.

Mama mkwe alitoka kijijini kwake Kimali kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa kwetu apone. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa zamani. La kulia ndilo lililopasuliwa. Kadi ya hospitali ilisema asiiname, asibebe kitu kizito, asiguse jicho kwa mkono mchafu. Mimi ndiye niliyemsomea kadi hiyo, kwa sababu mume wangu, dereva wa lori la pamba, alikuwa safarini. Mama mkwe aliniita "mwalimu", hata tulipokuwa wawili tu, na alilitamka neno hilo kwa heshima.

Wiki ya tatu ya kukaa kwake mimea ilianza kusinyaa. Majani yaliungua kingoni, hoho zikadondosha maua. Nilibadilisha hiki na kile, nikaongeza samadi, haikusaidia kitu. Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta mimea ya ndoo zote kumi na nane imelala. Jirani wa chumba cha pili akanong'ona kwamba jana jioni alimwona mama mkwe akipapasa kati ya ndoo, ameshika dumu la mkojo wa ng'ombe.

Nilimkuta amekaa mlangoni anaota jua.

"Mama, umetia nini kwenye ndoo zangu?"

"Mkojo wa ng'ombe, mwalimu. Kikombe kimoja kwenye ndoo nzima ya maji, kama tulivyokuwa tunafanya nyumbani. Niliyagusa majani nikaona yanakufa, nikataka kukusaidia. Halafu maji yenu haya yana chumvi. Nimeyaonja."

"Umeyaonja! Mimi nimesomea mambo haya chuo kikuu, wewe unaonja kwa ulimi?"

"Nisamehe, mwalimu."

Aliishia hapo, nami ningeweza kuishia hapo. Lakini majirani walikuwa wametoka vyumbani, na kimya chao kilinipa nguvu.

"Njoo uzing'oe mboga hizi," nikasema. "Zote. Moja moja, kwa mkono wako mwenyewe."

Alicheka kidogo, akidhani ni utani. Sikucheka. Akainuka, akapapasa mpaka ndoo ya kwanza, akapiga magoti kwenye zege na kuinama. Nilikumbuka kadi. Niliikumbuka vizuri kabisa, nikanyamaza. Nikatoa simu nikaanza kurekodi.

"Jamani wanakikundi," nilisema kwa sauti ya darasani, "huyu ndiye mdudu mharibifu kuliko wote. Hana dawa."

Jirani mmoja aliangua kicheko. Mama mkwe alivuta shina, maganda yenye samadi yakamrukia usoni. Alikuwa analia. Akajifuta jicho kwa kiganja kilekile, akasogea kwa magoti hadi ndoo ya pili. Alizimaliza zote kumi na nane. Nilituma video kwenye kundi kabla hajasimama.

Kufikia jioni ilikuwa imefika Kimali. Jumapili shemeji yangu alikuja na pikipiki. Hakunisalimia. Alimfunga mama yake kitambaa usoni kuzuia vumbi, akampandisha, wakaondoka. Mume wangu aliporudi, nilimwambia mama alitaka kwenda kwao. Na yeye alikuwa ameiona video.

Siku chache baadaye bibi shamba alikuja kutembelea kikundi. Alikwangua ukingo wa ndoo kwa ukucha, akanionyesha unga mweupe.

"Unamwagilia maji gani?"

"Ya kisima. Bomba limekatika huu mwezi wa pili."

"Basi ni chumvi. Kwenye ardhi mvua ingeisukuma chini. Humu inabaki na kujilimbikiza kila ukimwagilia."

Nikamuuliza kuhusu mkojo wa ng'ombe, kikombe kimoja kwa ndoo ya maji.

"Huo hauui mmea," alisema. "Aliyekupimia anajua kazi."

Sikuandika neno kwenye kundi. Waliendelea kuniita mtaalamu.

Kisha habari zikaja kwamba jicho limeoza. Walimrudisha hospitali wakiwa wamechelewa. Daktari alimwambia mume wangu kuwa uchafu uliingia kwenye kidonda.

Nilikwenda Kimali peke yangu. Mama mkwe alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, uso kaugeuzia upande usio na mtu.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Karibu, mgeni," akajibu kwa Kiswahili.

Nililetewa ugali na nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Nikapiga magoti, nikasema yote: chumvi, kadi, video. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. Kisha akamwita shemeji. "Ile video ungali nayo? Mwekee mgeni."

"Mama, tafadhali," nikasema.

"Mimi sijaiona, mgeni. Huwa naisikia tu."

Sauti yangu ikatoka kwenye simu, nyembamba, yenye furaha. Watoto waliokuwa wakicheza walisogea kusikiliza. Alitega sikio hadi kicheko cha jirani kilipokoma, akaomba iwekwe tena. Iliwekwa mara tatu. Kisha akaniambia nile, chakula kinapoa, na nikala huku wote wakinitazama.

Bado nalima kwenye ndoo, kwa maji ya mvua, na mboga zinastawi. Kila mwisho wa mwezi mume wangu huenda Kimali bila mimi. Akirudi namuuliza mama anaendeleaje.

"Yupo," hunijibu, kisha huenda kuoga.