Siku Niliyohamisha Leseni ya Kompyuta

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Alhamisi, kompyuta yangu ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya ugali ulioungua, ikazimika. Umeme wa jenereta ulikuwa umepanda ghafla. Saa kumi jioni ya siku ileile, afisa wa shirika moja la wakimbizi angekuja kukagua kibanda changu cha uchapaji pale Ngara mjini. Akiridhika, ningepewa kazi ya kuchapa orodha za watu wanaotafuta ndugu waliopotezana nao njiani: miezi mitatu, shilingi laki sita. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa la ajabu kwa miaka ile: kompyuta iwe na programu endeshi halali, yenye leseni.

Wilaya nzima ilikuwa inaendeshwa kwa CD za kunakili. Mimi nilikuwa nimenunua yangu Mwanza, ndani ya boksi lake, kwa bei ambayo mke wangu hakuambiwa. Masharti ya leseni nilikuwa nimeyasoma yote kwa msaada wa kamusi, jioni tatu mfululizo. Sidhani kama hata aliyeyaandika alifika mwisho. Yalisema wazi kwamba naruhusiwa kuihamishia programu kwenye kompyuta nyingine, mradi ile ya kwanza isitumike tena.

Kompyuta nyingine nilikuwa nayo, niliyoinunua kwenye mnada wa shirika lililofunga ofisi baada ya wakimbizi wake kurudi kwao. Ilikuwa tupu. Niliweka CD, nikaandika herufi na tarakimu ishirini na tano za ufunguo, nikazihakiki mara mbili. Kufika saa saba kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, isipokuwa onyo kwenye kona ya kioo: programu haijathibitishwa, piga simu. Afisa angeliona onyo hilo kabla hajakaa.

Simu ya mezani ilikuwa kwa jirani yangu, mzee muuza vitambaa. Babu yake alitoka pwani na bidhaa kichwani, na yeye mwenyewe bado alituhesabu sisi wenyeji kuwa wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia umeunguza kitu."

"Kompyuta. Naomba kupiga simu nje ya nchi, nitalipia dakika."

"Kwa nani?"

"Simjui. Ni wenye leseni."

"Yaani unampigia usiyemjua, umwombe ruhusa ya kutumia kitu ulichonunua mwenyewe?" Alicheka mpaka kofia ikamcheza kichwani. "Hata mkoloni hakufika huko, bwana!"

Sauti ya mashine ilinitaka nibonyeze moja. Simu ya mzee ilikuwa ya kuzungusha, haikuwa na cha kubonyeza. Tulisikiliza muziki kwa dakika sita za kulipia, mpaka akapokea mwanamke mwenye Kiingereza cha haraka.

"Msalimie kwanza," mzee alininong'oneza. "Muulize watu wa kwao."

Nilimsalimia, nikamuuliza habari za nyumbani. Aliniomba tarakimu zilizo kwenye kioo. Nilikuwa nimezinakili kwenye karatasi: hamsini na nne, makundi tisa ya sita sita. Nilizisoma bila kosa. Akauliza swali la mwisho: programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi?

Nilivyolelewa mimi, mzazi akiulizwa ana watoto wangapi, huwataja wote, walio hai na waliokwenda. Kuwaacha waliokufa ni kuwakana. Mama yangu alikuwa na watoto wanane mpaka anaingia kaburini, ingawa mezani tulikuwa watano.

"Mbili," nilimjibu. "Moja imetangulia."

"Leseni yako ni ya kompyuta moja. Itabidi ununue nyingine." Akakata simu.

"Amesemaje?" mzee aliuliza. Nikamweleza.

"Wewe bwana! Umeulizwa kompyuta, unatangaza matanga? Zinazowaka ni ngapi?"

"Moja."

"Basi marehemu mwache apumzike. Piga tena."

Nilipiga tena. Safari hii alipokea mwanamume. Salamu niliziruka, na mzee hakupendezwa. Nilisoma tarakimu zote upya, na swali lilipokuja nikasema "moja." Aliniamini mara moja. Akanisomea tarakimu arobaini na mbili za kibali, nikazipeleka kibandani mbio. Saa tisa na dakika arobaini onyo likatoweka.

Afisa aliwasili saa kumi na moja kasorobo, kijana mwenye redio ya mawasiliano kiunoni. Alitazama kioo, akatazama boksi, akatia alama ya vema kwenye fomu yake, akanipa mkono.

"Hongera, kaka. Wewe ndiye wa kwanza wilaya nzima. Sasa tunaomba hiyo CD."

"Ya nini?"

"Ofisini tuna kompyuta nne, zote za kunakili, na mkaguzi wa makao makuu anakuja Jumatatu. Ndiyo maana tuliweka lile sharti. Tulitaka kujua nani anayo."

"Leseni ni ya kompyuta moja."

"Kwani umewaambia ziko ngapi?"

"Moja."

"Si wameshaandika moja? Hawatauliza tena."

Nilimweleza kifungu cha leseni kinachohusika, na ukurasa kilipo. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini isiyo yake. Kisha akafunga faili.

"Tutakujulisha, kaka."

Hawakunijulisha. Kwa laki sita za kazi, pamoja na elfu thelathini na moja mia tatu na hamsini za simu, uhalali wangu siku ile ulinigharimu shilingi 631,350.