Mjomba Alipofundishwa Kulewa

Vita vilipokwisha meli zilipungua Kilindini, na mjomba wangu, kuli tangu ujana, akaanza kurudi nyumbani asubuhi na shati kavu. Serahangi, mkuu wa kundi lao, alichagua watu wa kupakua miongoni mwa wale aliokunywa nao tembo jana yake. Makuli wengi walikuwa wametoka bara, wamejazana chumba kimoja, mgongo unauma. Mangwe, pale panapouzwa tembo, ndipo palipokuwa sebule yao. Mjomba hakuwahi kuonja. Akasema akikosa kazi tena wiki ile, atahamia Tanga.

Nyumba bila mjomba? Nani angenichekesha?

"Nenda ukakae nao," nikamwambia. "Si lazima unywe. Lewa tu."

"Nilewe bila kunywa, we mtoto?"

"Nitakufundisha."

Nikamwigizia, uani kwetu Mji wa Kale, mwalimu wetu wa hesabu anavyoingia darasani Jumatatu. Mjomba akafuata, akiyumba kama ngamia aliyevishwa viatu. Nyanya, tasbihi mkononi, alicheka hadi akaketi chini. Kisha akamkamulia mwanawe tui ndani ya maji ya dafu, yafanane na tembo.

"Na usiimbe," akamwonya. "Sauti yako hata walevi hawaiwezi."

Aliimba. Asubuhi yake serahangi akamruka alipochagua watu.

"Wewe jana kata mbili tu, ukamkumbatia mbuzi! Nikupe magunia uyatie baharini?"

Kwa kuiogopa Tanga, mjomba akatoboa yote: dafu, tui, mimi, hata mama yake. Alitusimulia mwenyewe jinsi makuli walivyoshika mbavu. Serahangi peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo jana ulikuwa na akili zako?"

"Wallahi, timamu."

"Basi nani aliyeniibia viatu?"

"Ulivitupa kisimani mwenyewe, mzee. Ukavitukana kwanza."

Serahangi akajitazama miguu. "Ingia kundini," akasema. "Na jioni uje mangweni, na hilo dafu lako."

Nazitamani hata leo jioni zile. Mjomba alikuwa akitoka mangweni Mbaraki na msafara wake, kila mtu na wimbo wake, akiwafikisha mlango kwa mlango. Wenye wake walipofunguliwa, matusi yote alipewa mjomba, maana ndiye pekee aliyeweza kuyasikia.