Wifi Zaituni na Uzito wa Mwisho

Hainitoki akilini, mwanangu, siku tuliyogonganisha michi na wifi yangu Zaituni, uani kwetu Msambweni. Hata leo nikisikia kinu nacheka peke yangu.

Miaka ile ya hamsini kaka yangu alikuwa baharia, akamwoa Zaituni huko Majunga, walikotawala Wafaransa, akatuletea. Maskini mtoto wa watu, Kiswahili chake kilikuwa haba. Alichosomeshwa ni Kifaransa. Akawa analia, hata akamwomba kaka amrudishe kwao. Mama alikosa raha, nami pia, maana nilikuwa nimeshampenda. Basi tukitwanga mahindi nikamwomba anifundishe lugha yake ya shule.

Wallahi, uso ulimng'ara! Akaanza na "nous parlons", yaani tunasema. Akalikata neno: par, anainua mchi, lons, anashindilia. Mimi nimezoea tu-na-SE-ma, uzito kabla ya mwisho. Zamu yangu nikashindilia kwenye par, mchi wake ungali kinuni. Kwaa! Mahindi yakaruka.

Mama akatoka jikoni. "Nyinyi mwatwanga au mwapigana? Mwenzio ndiye aliyeanza. Mfuate!"

Nikamfuata. Cher-chons, tunatafuta. Chan-tons, tunaimba. Uzito mwishoni, daima. Tukawa hivyo kila tukitwanga, mpaka majirani wakadhani tuna harusi.

Kisha kaka akapata meli ya kumrudisha kwao. Akaja uani kumwuliza mkewe kama ameshafunga nguo zake. Zaituni akanishika mkono, akasema, "Nous res-tons," na ile tons akaikaza kama tulivyokuwa tukitwanga.

Kaka akanigeukia mimi. "Asemaje?"

"Asema tunabaki, kaka." Nikalia kwa furaha mbele yao, wala sikuona haya.

Huyo ndiye bibi yako, mwanangu, mzaa baba yako. Leo nawe umeleta mke kutoka bara, nami nasikia humo ndani wanamcheka akisema. Hebu wakome! Nawe usianze kwa kumsahihisha. Keti naye, msikilize anapokaza na anapolegeza, mfuate kwa lugha ya kwao, ya kwetu atajifunza taratibu. Bibi yako alibaki kwa sababu alipata mtu mmoja wa kumsikiliza.

Haya, nenda kwa mkeo. Mwenyezi Mungu awatie mapenzi, awape watoto wema, na ajaalie siku moja huyo binti akwambie, kwa lugha ya mama yake, kwamba anabaki. Amin.