Wavu Tumboni mwa Mwanabaraka

Kuna wanaume huwaonea wivu vijana wa mtaani, na wengine hununa mke akicheka na muuza samaki. Fundi Jamaldin wa mtaa wa Kuze alikuwa na lake. Yeye alimwonea wivu daktari aliyemponya mkewe. Ndiyo, aliyemponya. Mtu kama huyo utamwambia nini akuelewe?

Tuanze na mke. Mwanabaraka alimzaa Nasiha, mtoto wao wa pekee, kwa kupasuliwa. Kidonda kilipona, lakini nyama za ndani hazikushikana vizuri, na haukupita mwaka ngiri ikatokeza pale pale kwenye kovu, utumbo ukawa unasukuma ngozi kila akikohoa au akiinua ndoo. Akarudishwa hospitali. Daktari wa wakati ule akazivuta nyama pande mbili na kuzishona kwa uzi. Mshono ukaachia, na mara hii ngiri ikawa kubwa zaidi.

Tangu hapo Mwanabaraka hakutaka kusikia habari za kisu. Mamake alikuwa akimfunga mkaja tumboni, kama wafungwavyo wanawake waliojifungua, na mama alipofariki kazi ile akaishika Jamaldin. Kwa mila ni kazi ya wanawake, na angejua mtu, baraza zima lingemcheka. Yeye hakujali. Kila akitoka msikitini alfajiri, mkewe alikuwa amelala chali anamngoja. Jamaldin huusukuma uvimbe ndani taratibu kwa kiganja, kisha huzungusha kitambaa cha marekani alichokikata na kukipinda mwenyewe, akikaza, akiuliza, "Umekaa?" Naye mke, macho kayafumba, hujibu, "Umekaa."

Basi. Maneno yenyewe yalikuwa hayo tu, na Jamaldin aliyapenda kuliko yote waliyozungumza mchana. Yeye ni fundi wa kanzu, mtu wa maneno machache, hakujua kumsifu mke wala kumletea asumini. Alijua kufunga. Miaka ikaenda hivyo, naye akajiambia kwamba hakuna mwanamume Mombasa nzima anayehitajiwa na mkewe kama yeye.

Mwaka wa tisini na saba shangazi mmoja wa Mbaraki akaleta habari. Kuna daktari mpya wa upasuaji, kijana wa Kigiriama aitwaye Tsofa, ana njia mpya ya kutengeneza ngiri zilizoshindikana. Havuti nyama kwa nguvu. Anatandika wavu mwembamba ndani, nyama zinauotea, kazi imekwisha. Jamaldin akasema tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita, akasema joto limezidi, kidonda kitaoza. Mwanabaraka, yule aliyekuwa hataki kusikia habari za kisu, akavaa buibui lake akaenda kutafuta siku ya kuonwa mwenyewe, na siku ilipofika mume hakuwa na budi kumfuata.

Pale kliniki Jamaldin alikaa kitini akautazama mkono wa Daktari Tsofa ukibonyeza mahali ambapo, kwa miaka yote ile, hapakuguswa na mwanamume ila yeye. Mkono msafi, vidole virefu. Akavichukia vidole vile.

"Fundi, wewe utanielewa haraka," daktari akamwambia. "Kitambaa kikilika, ukivuta kingo ukazishona, si kitachanika tena kando ya mshono? Tumbo nalo ni hivyo hivyo. Mimi naweka kiraka kipana nyuma yake, kishike pande zote, pasiwe na mahali panapovutwa peke yake."

Jamaldin alielewa, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mjinga yule kijana, angepata la kumwambia mkewe njiani. Sasa alikosa hata kasoro ya kushikilia. Akabaki kusema, "Ajiona sana yule."

Upasuaji ukaenda salama. Jamaldin akawa anakwenda wodini na kanzu ya Ijumaa, kajitia uturi mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga chafya. Ati anashindana na koti jeupe! Siku moja alimkuta Daktari Tsofa amesimama miguuni pa kitanda, na Mwanabaraka anacheka huku amejishika tumbo kwa maumivu ya kucheka. Nini kilichomchekesha, Jamaldin hakujua. Alijua tu kwamba yeye hajamchekesha hivyo tangu Nasiha azaliwe. Akaiweka supu ya kuku juu ya kabati, akaaga kabla haijanywewa.

Nyumbani mambo yakazidi. Daktari amesema nitembee. Daktari amesema nisiinue kizito mpaka aniruhusu. Daktari amesema, daktari amesema, mpaka Nasiha akaanza kumwiga mamake. Alfajiri ya kwanza Jamaldin alitoka msikitini mbio mbio, akamkuta mke amekaa kitandani, amekwisha jifunga mkanda wa hospitali.

"Nikukazie?"

"Haufai kukazwa. Umekaa."

Asubuhi ile Khubaib, muuza halua wa duka la jirani, alimwona uso umemshuka akamwuliza kama aliyepasuliwa ni yeye.

Baada ya miezi mkanda nao ukatolewa. Mwanabaraka akawa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Ndipo siku moja akaingia dukani kwa mumewe na kitambaa cha rangi ya zambarau, akakiweka juu ya cherehani.

"Baba Nasiha, nishonee gauni. La kubana kiunoni."

Jamaldin akakishika kitambaa, na yote aliyoyameza yakampanda.

"La kumvalia nani? Wiki ijayo si siku ya kliniki?"

"Ni la harusi ya binti wa Mwalimu Athmani."

"Na kliniki utakwenda na lipi?"

Mwanabaraka akakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wamwonea wivu daktari," akasema. "Nilijua tangu siku za uturi, nikanyamaza nikidhani yatakutoka. Nikwambie? Yule alinigusa ili asiwe na haja ya kunigusa tena. Wewe kila alfajiri ulinilaza, ukalitazama tumbo langu, ukafurahi. Nilikuwa nikikuona, Baba Nasiha. Ulikuwa ukifurahi."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulinisaidia, Mungu akulipe kheri. Lakini mimi nilikuwa nafumba macho kwa haya. Kila siku nilikuwa naomba umalize upesi."

Miaka yote ile Jamaldin aliyaona macho yale yamefumbwa akadhani ni raha. Akauchukua utepe wa kupimia, akainuka.

"Haya, simama nikupime."

"Nimeshajipima mwenyewe," akasema Mwanabaraka kwa upole, akamtajia kipimo cha kiuno.

Jamaldin akakiandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa. Akalishona gauni lile bila kumwita aje kulijaribu, na siku ya harusi likamkaa sawasawa.